Dakika Moja na Sekunde Hamsini

Dympna Hanrahan alikuwa mwonjaji wa siagi. Kwa miaka thelathini na minne, katika kiwanda cha maziwa nje kidogo ya mji wa Nenagh, kazi yake ilikuwa kuchoma kibomba chembamba cha chuma ndani ya boksi la siagi, kukizungusha, kukivuta, kunusa, kuonja, kutema, kisha kuandika alama. Siagi iliyotokana na ng'ombe waliokula vitunguu pori aliitambua kabla haijagusa ulimi. Mwendesha mashine mmoja aliwahi kumwambia, "Wewe, hata maziwa ya mama yako ungeyapa alama sita tu kwa kumi." Dympna akamjibu kwamba hilo lingetegemea siku hiyo mama yake alikula nini.

Klabu ya wazungumzaji aliingia akiwa na miaka hamsini na sita, mwaka aliofiwa na mumewe. Siku ya mazishi aliinuka kanisani ili aseme maneno mawili matatu juu ya Gus. Akashika mimbari, akafungua mdomo, pasitoke kitu. Padre alimshika kiwiko taratibu akamrudisha kwenye benchi. Aibu ile ilimkaa kifuani miezi saba, mpaka Jumanne moja akapanda ngazi za hoteli iliyo karibu na ngome ya kale, akakaa mstari wa nyuma, akasikiliza watu wa kawaida wakisimama kwa zamu kuhutubia wenzao na kusahihishwa.

Kama mzungumzaji alikuwa wa kati tu, na mwenyewe alijua. Lakini kama mtathmini, hapakuwa na mfano wake. Wengine walisema, "Hotuba nzuri, hongera," wakakaa. Dympna alikuambia ni sentensi ipi iliyowafanya watu wasogee mbele vitini, na ni ipi iliyowafanya watafute simu zao. Alianza na kilichokaa vizuri, akaja kwenye dosari, akamaliza na jambo moja la kufanya kesho yake. Watu walitoka mikononi mwake wamechubuka kidogo, lakini wana kitu mfukoni.

Mwezi Mei alimtathmini Colman Tuohy, mnadi wa ng'ombe, mwanamume wa miaka hamsini na mitatu mwenye shingo nene na uso mwekundu. Mnadani maneno yalimtoka kama mvua ya mawe juu ya bati. Alikuwa amechaguliwa kuongoza timu ya michezo ya parokia, na kwenye mkutano wake wa kwanza hakuna aliyeelewa neno. Ndiyo maana akaja klabuni.

"Colman," Dympna alimwambia mbele ya wote, "hadithi zako ni tamu, ila hazina mahali pa kupumulia. Ukifika kwenye neno zito, nyamaza. Tuache tulimeze. Hesabu moyoni moja, mbili, tatu. Hata nne."

"Dympna, nikinyamaza sekunde nne mnadani, fahali anauzwa kwa bei ya kuku!"

"Hapa hakuna fahali."

"Umeangalia vizuri kwenye meza ya mwenyekiti?"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko, pamoja na mwenyekiti mwenyewe, Ruairí Stapleton, mfamasia mwenye duka la dawa karibu na posta.

Jumanne ya pili ya Juni, Dympna alipangiwa kuwa mtathmini mkuu. Huyo hamtathmini mtu mmoja. Anatathmini kikao chote: wageni walipokewaje mlangoni, mwenyekiti aliendeshaje mambo, muda ulilindwaje, hata watathmini wengine walitathmini namna gani. Alikaa kwenye meza ya nyuma na karatasi yake aliyoichora safu tatu. Jua la jioni lilikuwa bado limejaa madirishani. Kulikuwa na wanachama kumi na wanne na mgeni mmoja, mfugaji aitwaye Malachy Brophy, aliyekuja kwa shingo upande kwa sababu binti yake alikuwa anaolewa na baba alitakiwa ahutubie harusini. Alikaa karibu na mlango, koti hajalivua, kama mtu anayesubiri zamu yake kwa daktari wa meno.

Colman alikuwa msemaji wa pili. Alieleza siku baba yake alipompeleka mnadani mara ya kwanza, akiwa na miaka tisa, kununua ndama. Dakika tatu za kwanza zilikwenda vizuri, na Dympna aliona kwa furaha jinsi mtu yule alivyojitahidi kupunguza mbio. Kisha Colman akasema, "Baba akaniangalia, akaniambia..."

Akanyamaza.

Dympna alitupa jicho kwenye saa yake. Moja. Mbili. Tatu. Nne. Chumba kizima kiliinama mbele. Sita. Saba. Hakuna aliyekohoa. Kumi. Kumi na moja. Akaandika kwenye safu ya kwanza: "Ukimya: mzuri mno. Sekunde kumi na moja. Hatimaye!" Akapiga mstari chini yake, mara mbili.

"Akaniambia," Colman akasema, "kijiko."

Watu wakacheka.

"Kijiko cha... cha mlango. Kesho."

Wakacheka zaidi, maana Colman alikuwa mtu wa mizaha na walijua kichekesho kinakuja. Akatabasamu nao, mdomo umekwenda upande mmoja, nao wakadhani anamwigiza baba yake. Karatasi ikamtoka mkono wa kulia ikaanguka. Dympna akaandika kwenye safu ya pili: "Asiangushe karatasi, inavuta macho." Kwenye meza ya muda, Fidelma Crowe, mwalimu mstaafu wa hesabu, akainua kadi ya kijani kuonyesha kwamba dakika tano zimetimia. Colman aliitazama kadi ile kana kwamba hajawahi kuona rangi ya kijani.

Ndipo kiti kikaanguka kule mlangoni.

"Jamani, hamna macho?" Malachy Brophy alikuwa amesimama. "Huyo mtu anaumwa!"

"Samahani, mgeni," Ruairí alisema kwa upole, "huwa hatumkatizi msemaji."

"Msemaji gani! Nimemjua Colman Tuohy miaka ishirini na miwili. Huyo hajanyamaza siku moja, hata sandwichi ikiwa mdomoni! Shikeni huyo mtu!"

Hakusubiri washike. Alipita katikati ya viti kama anakimbiza ndama aliyetoroka, akamdaka Colman kwapani wakati goti la kulia linakunjika.

Mambo yaliyofuata Dympna aliyakumbuka vipande vipande. Ruairí akiwa magotini, uso mweupe kama koti lake la dukani, akisema, "Colman, inua mikono yote miwili," na mkono mmoja tu ukipanda. Mtu akipiga simu na kusahau jina la hoteli waliyomo. Colman amelala juu ya zulia lenye maua, macho yakiruka kutoka uso hadi uso, kama afanyavyo mnadani akitafuta nani amenyanyua kidole. Kila uso alioufikia haukuwa na jibu. Gari la wagonjwa lilikuja, watu wenye sare za kijani wakapanda ngazi, wakauliza swali moja tu ambalo Dympna hakuacha kulisikia tena: "Imeanza saa ngapi?"

Hakuna aliyejibu. Kisha Fidelma akainua saa yake ya kuhesabia sekunde. Alikuwa hajaizima tangu Colman aanze kusema.

Walipokwisha kumchukua, watu walibaki wamesimama kati ya viti. Birika kubwa la chai lilichemka pembeni bila mtu kuligusa. Dympna aliketi, macho yakamwangukia karatasi yake. Aliisoma kama barua iliyoandikwa na mtu asiyemjua. Mzuri mno. Hatimaye! Mistari miwili. Mtu alikuwa anazama mbele yake, naye alikuwa anampa alama.

Fidelma alimjia akiwa na kipande cha karatasi. "Nimeandika," alisema. "Ndiyo kazi yangu, kuandika muda. Toka aliponyamaza mara ya kwanza mpaka yule bwana alipopiga kelele. Dakika moja na sekunde hamsini." Akarudia kana kwamba Dympna ni kiziwi. "Moja na hamsini, Dympna. Nilikuwa namtazama muda wote. Nilimwinulia kadi!"

Dympna alikipokea kile kipande, akakikunja pamoja na karatasi yake.

Siku ya tano alikwenda hospitali mjini Limerick. Kwenye korido alimkuta Concepta, mke wa Colman, mwanamke mfupi aliyekuwa amevaa sweta la mumewe. Ni kiharusi, Concepta alimwambia. Dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda walimpa mapema vya kutosha. Mguu unarudi, mkono unachelewa, na maneno hayajulikani yatarudi lini.

"Concepta, nisamehe," Dympna alianza. "Mimi ndiye niliyemwambia anyamaze. Ndiyo maana tukadhani..."

"Najua. Alifanya mazoezi wiki nne." Concepta alicheka kidogo, kicheko kikavu. "Alituchosha! Mezani anasema, 'Concepta, nipitishie...' halafu kimya, ananikodolea macho, moja, mbili, tatu, '...chumvi.' Nilicheka mpaka mbavu zikauma. Akienda kukamua, ananyamazia ng'ombe." Akavuta mikono ya sweta ikafunika vidole. "Jumanne ile asubuhi alinyamaza mara mbili kwenye chai. Ya pili ilikuwa ndefu. Nikamwambia, 'Haya basi, umefuzu, kunywa chai yako.' Sasa sijui, Dympna. Ndiyo ninachojiuliza kila nikifumba macho. Sijui ipi ilikuwa mazoezi na ipi haikuwa."

Dympna alikuwa amekuja na hatia yake mwenyewe, akiibeba kwa uangalifu kama bakuli la supu, na sasa akagundua kwamba nyumba nzima ya watu ilikuwa imekunywa kutoka kwenye ushauri wake.

Ndani, Colman alikuwa amekalishwa kwenye kiti karibu na dirisha. Alimwona Dympna, uso ukachangamka upande mmoja. Akafungua mdomo. Akahangaika. "Ki... ki..." Jasho likamtoka. Hakuweza kulisema jina lake, wala la mkewe. Mtaalamu wa kufundisha kusema, mwanamke mtulivu mwenye miwani, alikuwa na kadi zenye picha. Alimwonyesha paka, hakuna. Kikombe, hakuna. Kisha akaweka mbele yake picha ya fahali mweusi na kusema, kwa mzaha tu, "Na huyu, Colman, tuanzie bei gani?"

Maneno yakamwagika. "Mia tano, mia tano, hamsini, mia sita, sita na hamsini, nani ananipa saba, saba pale nyuma, saba na hamsini, namwona, namwona, nane, mara ya kwanza, mara ya pili, ameuzwa!" Yalitoka safi, kwa kasi ileile, kwa sauti iliyojaza wodi mpaka mzee wa kitanda cha jirani akaketi. Kisha akakoma ghafla, akashika mdomo wake kwa mkono wa kushoto, kama mtu aliyesikia sauti ya maiti ikitoka kwake mwenyewe. Akamtazama mkewe, akajaribu tena kusema jina lake. "Ki..." Akalia.

Mtaalamu alieleza kwa sauti ya chini kwamba yale aliyoyasema maelfu ya mara yamehifadhiwa mahali pengine kichwani, na kwamba hiyo ni dalili njema. Dympna aliitikia kwa kichwa kama anaelewa. Aliteremka ngazi, akakaa ndani ya gari lake muda mrefu bila kuwasha injini.

Kikao kilichofuata, Ruairí alisimama na ratiba mkononi. "Tunawashukuru wote waliotuma kadi za pole," alisema. "Kikao kilichopita hakikumalizika, na tathmini kuu haikutolewa. Nadhani kwa heshima ya Colman tuiruke."

"Hapana," Dympna alisema kutoka nyuma. "Nimeileta."

Alikwenda mbele na karatasi ileile. Hakuwa ameinakili upya. Aliisoma kama ilivyoandikwa, na kila sifa na alama ya mshangao. Aliposoma "Hatimaye!" mtu mmoja alitoa mguno.

"Kikao kilianza kwa wakati," aliendelea. "Mgeni alipokewa vizuri, akapewa chai na kiti. Mtunza muda alifanya kazi yake bila kukosea, na kwa sababu hiyo madaktari walijua kiharusi kilianza lini, na dawa ikatolewa. Fidelma, nimeuliza. Wanasema ile saa yako ilisaidia. Hayo ndiyo yaliyokaa vizuri.

"Dosari ni hii. Tulikuwa watu kumi na watatu tuliofundishwa kutazama. Mmoja alihesabu 'ee' na 'yaani' zake. Mmoja alitazama mikono. Mmoja alitazama saa. Mimi nilitazama ukimya, maana nilikuwa nimeuagiza mwenyewe na nilifurahi kuona agizo langu linatekelezwa. Kila mtu alichukua kipande chake cha Colman. Aliyemtazama Colman ni yule ambaye hatujamfundisha bado."

"Ngoja," Fidelma alisema. Alikuwa amesimama, mashavu yamewiva. "Unanisifu hapa, kisha unasema tulimwacha mtu afe mbele yetu? Ungejua wewe? Ungejuaje? Alikuwa anachekesha! Kila wiki anachekesha!"

"Sikujua, Fidelma. Ndicho ninachosema."

"Basi usituweke wote kwenye mizani yako ya siagi!"

Dympna angeweza kukaa. Badala yake akasema, "Haya. Nianze upya. Mimi sikuona. Wengine mtajisemea wenyewe."

Ukimya ulikuwa mzito, na safari hii hakuna aliyeuhesabu. Kisha Ruairí, mwenyekiti, akavua miwani. "Mimi nauza dawa za presha," alisema. "Dukani kwangu kuna bango la dalili za kiharusi, nimelibandika mwenyewe. Uso, mkono, usemi. Nalipita mara ishirini kwa siku. Na mtu aliponionyesha, nikamwambia huwa hatumkatizi msemaji." Fidelma alimtazama, akakaa polepole.

Malachy Brophy, aliyerudi kwa sababu harusi ilikuwa bado wiki tatu, alikuna shingo. "Mimi si hodari, jamani, msinitazame hivyo. Nilikuwa nimechoka kusikiliza, ndiyo ukweli. Nilikuwa namwangalia tu kama mtu anavyomwangalia ng'ombe. Ng'ombe hakuambii kitu. Unaangalia amesimamaje."

Hapo Dympna akatoa la mwisho, kama desturi yake: jambo la kufanya kesho yake. Kuanzia sasa, mtu yeyote, mwanachama au mgeni, aruhusiwe kumkatiza msemaji kwa kumwita jina na kumuuliza kama yuko salama, bila kuomba radhi. Akiwa salama, atapewa muda wake tena tangu mwanzo. Na Ruairí alete lile bango, liwekwe kando ya meza ya muda. Walipiga kura kwa mikono. Fidelma aliinua wake mwishoni, lakini aliinua. Kwenye chai hakumsogelea Dympna, wala wiki iliyofuata. Ilimchukua mpaka Septemba kumwambia tena habari za jioni.

Colman alirudi Aprili ya mwaka uliofuata, anatembea na fimbo, mkewe akiwa nyuma yake hatua moja. Kwenye fomu ya wasemaji alikuwa ameandika kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa za kupindapinda, jina la mtathmini anayemtaka. Dympna alipoliona jina lake alishtuka, akamvuta Concepta kando.

"Mwambie achague mwingine."

"Nimemwambia. Amenikata jicho." Concepta alimshika mkono kwa nguvu. "Msifu tu, Dympna. Usimguse. Nakuomba."

Colman alizungumza kwa dakika moja na nusu. Alisema habari za hospitali: chakula kibaya, mzee wa kitanda cha jirani aliyekoroma, siku aliyolisema jina la Concepta kwa mara ya kwanza, saa kumi na moja alfajiri, chooni, peke yake, hakuna aliyesikia, akalisema tena na tena mpaka muuguzi akagonga mlango. Maneno yalikuja moja moja, mengine hayakuja kabisa, akayaruka na kuendelea. Mara mbili mtu aliita, "Colman, uko salama?" na mara zote mbili akainua fimbo kujibu. Alipomaliza watu walisimama wakipiga makofi, wengine wakijifuta macho.

Dympna akaenda mbele. Concepta alikuwa anamtazama kutoka mstari wa kwanza bila kupepesa.

"Colman," alisema, "ile ya chooni, nitaikumbuka mpaka nife. Iache kama ilivyo, usiiongeze hata neno. Lakini ulipofika kwa mzee anayekoroma, uliona tunacheka, ukataka kutuchekesha zaidi, ukakimbia. Maneno matano ukayala. Nilikuwa nataka kuyasikia. Wiki mbili zijazo niletee yule mzee peke yake, pole pole."

Mtu mmoja alivuta pumzi kwa nguvu. Concepta akafumba macho. Colman alisimama kimya, uso haumwambii mtu kitu. Kisha mnadi wa ng'ombe akaketi, akaweka fimbo chini, akatoa daftari mfukoni, akalishikilia mezani kwa kiwiko cha mkono uliolegea, akaanza kuandika. Kila herufi ilichukua muda wake. Ruairí alikuwa na ratiba mkononi na msemaji mwingine alikuwa amekwisha simama, lakini wote walisubiri mpaka akamaliza neno la mwisho na kufunga daftari.

"Mbaya," Colman akamwambia Dympna, akimnyooshea kidole. Akatafuta neno la pili, akalipata. "Mwanamke mbaya."

Alikuwa anacheka.